Kivinjari Kabla Hakijaiva

Kila kivinjari kinapobisha hodi kwenye tovuti hujitambulisha kwa jina na namba ya toleo. Mwaka 2009 kampuni ya Opera ya Norway ilifika toleo la 10 kabla ya wakubwa wenzake, ikakuta aibu mlangoni. Baadhi ya tovuti zilikuwa zimeandikwa zisome tarakimu moja tu, kwa hiyo zikaona 1, zikadhani mgeni huyu ametoka makumbusho, zikamkataa. Opera wakanywea: toleo la 10 likawa linajitambulisha kuwa 9.80, na namba yake halisi ikasogezwa mwisho wa maelezo.

Chrome na Firefox zilipokaribia toleo la 100, wahandisi wake walikikumbuka kisa hicho. Miezi kadhaa mapema waliweka kwenye matoleo ya majaribio njia ya kujifanya tayari ni 100, ili tovuti zitakazochanganyikiwa zijulikane na kurekebishwa. Chrome 100 ikatoka Machi 2022, Firefox 100 ikafuata Mei, na watu wengi hawakujua kwamba kulikuwa na la kuhofia.

Hiyo ndiyo kazi ya matoleo ya majaribio, nayo yana ngazi zake. Firefox Nightly huundwa upya mara mbili kwa siku, ikiwa mbichi kabisa. Baada ya wiki kadhaa msimbo huo huhamia Beta, ukachujwa huko, kisha ukamfikia mtumiaji wa kawaida. Chrome nayo huanzia Canary, jina la ndege aina ya kanari, ndugu wa chiriku, ambao wachimba makaa wa Uingereza waliingia nao mgodini hadi miaka ya 1980. Ndege akilegea, watu walijua hewa ina sumu, wakatoka mbio. Jina zuri, mradi usikumbuke kwamba hapa ndege ni wewe.

Beta ni salama zaidi ya hizo, na kwenye simu ya Android kuisakinisha ni kazi ya dakika chache: Chrome Beta na Firefox Beta ni programu za peke yake katika Play Store, kila moja na ikoni yake, na ile ya kawaida haiguswi. Kwenye kompyuta ya Windows kuna mtego. Usipochagua folda nyingine wakati wa kusakinisha, Firefox Beta huenda kukaa palepale pa Firefox ya kawaida na kuchukua nafasi yake. Asiyetaka usumbufu achukue Firefox Developer Edition, ambayo imejengwa juu ya msimbo wa beta lakini hukaa mahali pake.

Ila kinachoumiza watu si programu yenyewe. Programu ikiharibika unaifuta na kupakua nyingine. Katika Firefox, mali yako iko kwenye folda iitwayo profaili: vialamisho na historia vimo katika faili la places.sqlite, nywila zimo katika logins.json, na ufunguo wa kuzifungulia nywila hizo umo katika key4.db. Toleo jipya likiifungua folda hiyo linaweza kuupanga upya muundo wa hifadhi, na la zamani likirudi likashindwa kusoma kilichoachwa na jipya. Kupanda ni rahisi. Kushuka ndiko kwenye kilio. Firefox 67, iliyotoka Mei 2019, ilileta ahueni mbili: kila usakinishaji hupewa profaili yake, na toleo la zamani likijaribu kufungua profaili iliyokwishatumiwa na jipya, huzuiwa na kukutaka uanzishe nyingine.

Hata hivyo, nakala ni nakala. Andika about:profiles kwenye sehemu ya anwani, uone folda yako ilipo, funga kivinjari kabisa, kisha inakili folda nzima kwenye flashi. Fanya hivyo kabla ya kusakinisha, maana ukinakili baadaye unaweza kuwa unahifadhi kilichokwishavurugika. Na kama unaishi kwa bando, kumbuka kwamba beta hujisasisha mara kwa mara; ruhusu masasisho ukiwa kwenye Wi-Fi tu.

Ukikutana na hitilafu, iripoti, lakini “haifunguki” haimsaidii mhandisi. Mweleze ulibonyeza nini, kikafuata nini, ulitarajia nini, na unatumia toleo gani. Katika Firefox, ukurasa wa about:support unayo namba hiyo pamoja na maelezo ya kompyuta yako. Kabla ya kutuma, fungua ukurasa uleule kwa kivinjari cha kawaida. Ukurasa ukigoma huko pia, huenda beta haina kosa, na wa kuandikiwa ni mwenye tovuti.