Utangulizi: Kuisoma Nchi kwa Miguu katika Makorongo ya Shinyanga na Geita

Kitabu hiki kinahusu mito ambayo kwa miezi mingi ya mwaka haina maji ya kuonekana. Simama juu ya daraja lolote mkoani Shinyanga mwezi wa Agosti: utaona mchanga, nyayo za ng'ombe, na pengine kina mama wakichota maji kwa kata kutoka kwenye shimo walilolifukua katikati ya mto. Maji yapo, yanasafiri taratibu chini ya mchanga, mahali ambapo jua haliwezi kuyafikia. Wasafiri wengi hupita hapo bila hata kugeuza shingo. Mimi naamini ndipo mahali pazuri pa kuanzia jiomofolojia, elimu ya jinsi sura ya nchi inavyoumbwa, na nimeandika ili ushuke darajani na kutembea.

Aliyeona picha za nyanda za Colorado kule Marekani atatafuta korongo refu, kijito chembamba kati ya kuta nyekundu za mawe ya mchanga. Hapa halipo. Kijito hakichimbi hivyo mpaka nchi iinuke, mteremko uwe mkali na jiwe likubali kukatika. Sisi tunaishi juu ya matale na miamba ya kijani yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, kwenye uwanda uliotulia kwa muda mrefu mno. Ushahidi mzuri uko Mwadui, mahali ambapo mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi mwaka 1940. Mwamba ule uliolipuka kutoka chini kabisa ya ardhi una umri wa miaka ipatayo milioni 50, na juu yake bado kuna mabaki ya tope la ziwa lililojikusanya ndani ya kasoko. Fikiri: mvua za miaka yote hiyo hazijamaliza kulisomba tope lile. Nchi inayomomonyoka polepole kiasi hicho huhifadhi mambo mengi, na korongo lenye kina cha mita tatu linatosha kutuonyesha.

Anza juu, penye mawe makubwa yaliyopandana ambayo kila mgeni wa Usukumani huyapiga picha. Chini yake kuna mchanga mwepesi ambao Wasukuma huuita luseni. Teremka kidogo, udongo unakuwa mgumu kiasi cha kuligomea jembe: hiyo ni itogolo. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa magari masika. Mpangilio huo hujirudia kilima hadi kilima, kwa sababu maji huosha chembe laini kutoka juu na kuzituliza chini. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani kule Usambara, aliuandika katika miaka ya 1930, na leo wanafunzi wa udongo duniani kote hufundishwa dhana yake ya mnyororo wa udongo mteremkoni. Mkulima wa Kisukuma alikuwa akipanda mazao yake kwa kuufuata mpangilio huo kabla ya Milne kufika. Kwa hiyo, katika fani hii, mzee wa kijiji ni mwalimu kwa maana kamili ya neno hilo. Msalimie kwanza, mwangaluka, kisha uulize.

Ukiingia Geita, mchanga wenyewe unabadilika. Utaokota vipande vyeupe vya kwatzi na mawe mazito ya chuma yenye mistari. Tafuta mchanga mweusi nyuma ya jiwe kubwa au upande wa ndani wa kona ya kijito, pale ambapo maji hupunguza mwendo. Dhahabu ina uzito wa takriban mara saba ya mchanga wa kawaida wa ujazo uleule, hivyo mkondo ukichoka hiyo ndiyo hutua mapema. Mchimbaji mdogo anayezungusha karai anafanya kwa mikono yake kile ambacho mto umekuwa ukikifanya tangu zamani. Hakuna maabara inayoeleza jambo hili vizuri zaidi.

Mito hii pia haiendi mahali pamoja. Isanga hupeleka maji Ziwa Victoria, na kutoka huko Nile huyafikisha Bahari ya Mediterania. Manonga huelekea Wembere na Ziwa Kitangiri, ndani ya bonde lisilo na mlango wa kutokea baharini. Kusini-magharibi mwa Kahama maji hufuata njia ya Malagarasi hadi Tanganyika, kisha Kongo, kisha Atlantiki. Kwenye uwanda unaoonekana tambarare kabisa, mwinuko mdogo tu ndio unaoamua hatima hizo tatu.

Makorongo yenye kingo mbichi, zinazoporomoka, ni habari nyingine, na mimi naipa uzito kuliko zote. Mengi ni kazi yetu. Enzi ya ukoloni vichaka vya Shinyanga vilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Zikafuata pamba, kuni na mifugo mingi. Ardhi ikabaki wazi, mvua kubwa ikapata njia. Kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wakiuita mkoa huu jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yapumzike, na miti ikarudi kwenye zaidi ya hekta 300,000. Nenda ukalitazame korongo lililo chini ya ngitili, kisha lile lililo chini ya shamba tupu. Utaelewa mmomonyoko kuliko kwa kusoma sura nzima ya kitabu hiki.

Maneno machache ya usalama. Mvua ikinyesha mbali, mto mkavu hujaa ghafla hata kama kichwani mwako kuna jua kali, kwa hiyo usipumzike katikati ya mkondo msimu wa mvua. Maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yakiachwa hufunikwa na nyasi. Tembea na mwenyeji. Usinywe maji ya kijito kinachopita chini ya mialo ya kuoshea dhahabu, kwa maana zebaki haina rangi majini wala harufu.

Fani hii ina wenyeji wachache mno, na data zake nyingi zilikusanywa na wapita njia. Kwa hiyo nakuomba, kabla ya kufungua sura ya kwanza, chagua korongo moja karibu na kwenu. Pigilia kigingi hatua tano kutoka ukingoni, pima umbali kwa kamba, andika tarehe. Rudia kila baada ya masika.