Kufuli la Barua Pepe na Kadi ya Katibu

Chama kimoja cha msingi nilichokikagua kilipokea barua pepe iliyoonekana kutoka kwa mgavi wake wa mbolea, ikieleza kwamba akaunti yake ya benki imebadilika. Katibu akalipa. Jina la mwandishi lilikuwa sahihi na nembo ilikuwapo. Akaunti ndiyo haikuwa ya mgavi. Mbolea haikufika, na mvua haikumngoja mtu. Tangu hapo ndugu makatibu wameniuliza kama programu za kusimba barua zingezuia hasara ile. Zingeweza, iwapo zingetumiwa sawasawa.

PGP iliandikwa na Phil Zimmermann wa Marekani mwaka 1991. Mwaka 1997 Werner Koch wa Ujerumani alianza kutoa GnuPG, ambayo hailipiwi. Katika zote mbili kila mtumiaji ana funguo mbili. Ule wa wazi ni mfano wa kufuli lililo wazi: apewe kila mtu, alitumie kufungia barua zinazokwenda kwa mwenyewe. Ule wa siri ndio unaofungua, nao hapewi mtu.

Hapa wengi hukosea. Madhali kufuli limo mikononi mwa kila mtu, barua iliyofungwa haithibitishi ni nani aliyeifunga; tapeli naye aweza kuifunga vizuri kabisa. Kinachothibitisha ni saini, ambayo hutiwa kwa ufunguo wa siri wa mwandishi na kukaguliwa kwa ufunguo wake wa wazi. Na saini nayo haina thamani ikiwa ufunguo wa wazi tuliopokea ni wa tapeli. Ndiyo sababu kila ufunguo una alama yake, ambayo kwa kawaida ni mfuatano wa tarakimu na herufi 40. Mpigie mwenzako kwa namba iliyomo katika jalada la chama, si ile iliyoandikwa ndani ya barua, akusomee alama yote. Nane za mwisho hazitoshi, kwani zimekwisha kughushiwa.

Ufunguo wa siri ukikaa ndani ya kompyuta ya ofisi, aliyeiba faili na neno la siri ameiba ufunguo. Ukiwekwa katika kadi yenye chipu, kama ile ya benki, hautoki. Kadi yenyewe hutia saini na kufungua, ikiisha kupewa namba ya siri. Kadi za OpenPGP kwa kawaida huja na namba 123456, na ya msimamizi 12345678. Nimekuta kadi zikitumika kwa namba hizo hizo! Zibadilishwe siku ya kwanza. Katibu akikosea mara tatu kadi hujifunga hadi namba ya msimamizi itumiwe. Basi namba hiyo ikae kwa mwenyekiti, katika bahasha iliyotiwa lakiri.

Ufunguo uliozaliwa ndani ya kadi bila nakala hupotea pamoja na kadi, na barua za zamani hubaki zimefungwa hata mkaguzi akizihitaji. Ufunguo wa kufungulia uwe na nakala, iliyotengenezwa kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, ikae katika sefu. Wa saini hauhitaji nakala, hutengenezwa mwingine.

Programu za madirisha na vitufe, kama Kleopatra, au Thunderbird ambayo tangu mwaka 2020 ina usimbaji ndani yake, humwondolea katibu taabu ya kuandika amri. Lakini rangi ya kijani husema tu kwamba saini inalingana na ufunguo ulioukubali wewe mwenyewe. Ukiwa uliukubali bila kuukagua, kijani hicho si kitu. Aidha, zuieni picha za mbali zisipakuliwe: mwaka 2018 watafiti walionyesha, kwa udhaifu ulioitwa EFAIL, jinsi maneno ya barua iliyokwisha funguliwa yalivyoweza kuvujishwa kwa njia hiyo. Majina ya mtumaji na mpokeaji hayafichwi, na mara nyingi hata kichwa cha barua. Msiandike kiasi cha malipo hapo.

Kazi ikiisha, kadi itolewe kwenye kisomeo. Ikiachwa humo, programu haribifu yaweza kuitumia bila kuiba chochote. Chama kisicho na kadi kianze na hili: hakuna akaunti mpya itakayolipwa mpaka ithibitishwe kwa simu na kuandikwa katika muhtasari wa bodi.