Fahamu: Tume inayosimamia maji ya mpakani kati ya Marekani na Kanada
Mkataba wa Maji ya Mpakani wa 1909 ndio uliozaa Tume ya Pamoja ya Kimataifa, yenye makamishna 6, watatu kutoka kila nchi. Mkataba huo unakataza upande mmoja kuchafua maji kiasi cha kudhuru afya au mali za upande wa pili.

Hata hivyo, tume huchunguza uchafuzi pale tu serikali zinapoiomba, na mapendekezo yake hayazilazimishi kuchukua hatua. Udhaifu uko hapo. Kwa zaidi ya miaka 10, jamii ya asili ya Ktunaxa ilidai uchunguzi kuhusu seleni, sumu inayoharibu uzazi wa samaki, inayotiririka kutoka migodi ya makaa ya mawe ya British Columbia, Kanada, hadi Montana, Marekani. Serikali ziliwasilisha ombi Machi 2024. Zilichelewa mno.