Fumbo la Haki Lina Njia Mbili

Aghalabu mwanafunzi wa Kisumu hajapata kumwona changu. Samaki aliowazoea ni ngege, mbuta na omena. Changu ni wa maji ya chumvi. Je, ni haki jina hilo litiwe katika chemshabongo ya kushindaniwa na shule za Kisumu na za Mombasa?

Mimi, ambaye mara kwa mara huombwa kuamua mashindano ya namna hiyo, nasema ni haki, ila kwa sharti. Kidokezo kikiwa "Samaki wa baharini, herufi sita", nakitupa: kinapima mahali mtu alikolelewa. Kikiwa "Samaki adai kisu ni chake, herufi sita", nakipa alama zote. Mtoto wa ziwani atajiuliza mwenye kisu husemaje, na ngeli ya KI-VI itamfikisha kwenye "changu". Wa Mombasa ataanza na samaki, kisha kisu kimthibitishie.

Hapo ndipo fumbo hili linapoachana na kitendawili. "Nyumba yangu haina mlango" aghalabu huteguliwa na aliyekwisha kuambiwa kuwa ni yai. Mwingereza D. S. Macnutt, aliyetunga kwa jina la Ximenes katika gazeti la Observer, alishikilia kanuni hiyo ya haki katika kitabu chake cha 1966: mtunzi aweza kupoteza watu njia, lakini maneno yake sharti yaseme kweli.

Basi walimu, kabla ya kuleta fumbo, mpeni asiyejua jibu alifumbue na kulieleza. Akiishia kwenye "labda", kwangu halipati zaidi ya mbili kwa kumi.