Kiakisi cha Taa ya Mvuvi: Neno na Kazi Yake

Wanafunzi wetu hulijua neno kuakisi kupitia fasihi. Katika insha zao fasihi "huakisi jamii", pengine mara tatu katika ukurasa mmoja. Lakini wakiulizwa kiakisi cha taa ni nini, wengi hujibu kuwa ni chombo cha kuongeza mwanga. Jibu hilo si sahihi. Na kwa kuwa baadhi yao watakwenda kufundisha katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, mbele ya watoto wanaozijua taa hizo kuliko mwalimu, tumeona tulieleze jambo hili.

Tuchukue mfano wa Muhuta, kati ya Bujumbura na Rumonge. Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi mbele ya Gitaza huonekana kama mji uliojengwa majini. Mitumbwi hufungwa pamoja (ile mikubwa nchini Burundi huitwa Apolo), taa huning'inizwa juu ya maji, na wavu mpana hushushwa chini yake. Ndagala, ambao Tanzania huitwa dagaa, hupanda usiku kufuata viumbe vidogo wanavyovila, nao huvutwa na mwanga. Mukeke huwafuata ndagala. Kisha wavu huinuliwa.

Kwa miaka mingi taa yenyewe ilikuwa karabai. Jina hilo lina asili katika kabidi, ingawa karabai ya mvuvi ilitumia mafuta ya taa yaliyosukumwa kwa pampu. Karabai hutupa mwanga pande zote. Ikiachwa wazi, karibu nusu ya mwanga huo huelekea angani, na mafuta yake yamekwisha kulipiwa. Hapo ndipo kiakisi kinapohitajika. Kitenzi akisi kimetoka katika Kiarabu, kwa maana ya kugeuza au kurudisha kinyume, na hiyo ndiyo kazi yote ya chombo hiki: hakizalishi mwanga hata chembe, huurudisha ule uliokuwa ukipotea.

Kuurudisha tu hakutoshi, lazima ushuke kwa pembe inayofaa. Mwanga unaoanguka wima juu ya maji hupoteza takriban 2 kwa mia tu kwa kuakisiwa na uso wa maji. Ukiinama nyuzi 60 kutoka wima, hupotea kama 6 kwa mia; ukiinama nyuzi 80, zaidi ya 30 kwa mia. Kwa hiyo miale inayotambaa juu ya ziwa humpendeza mtazamaji wa ufukweni kuliko inavyomfaa mvuvi.

Je, umbo gani ni bora? Kioo mbonyeo chenye umbo la parabola, kama cha taa ya gari, hukusanya miale iwe mkondo mwembamba. Huo ungefanya doa kali la mwanga katikati ya wavu na kuacha kingo gizani. Mvuvi anahitaji kofia pana yenye pande zilizolala. Taa ikiwa mita 1.5 juu ya maji, na kofia ikiruhusu miale hadi nyuzi 45, hupatikana duara la mita 3; ikiruhusu hadi nyuzi 60, duara hukaribia mita 5.2. Kuipandisha taa pia hupanua duara, ila umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga wa moja kwa moja wa taa hupungua hadi robo.

Kuhusu kifaa cha kutengenezea, alumini iliyong'arishwa na rangi nyeupe safi hurudisha karibu kiasi kimoja cha mwanga, kama 80 hadi 90 kwa mia. Tofauti ni kwamba alumini huuelekeza, rangi nyeupe huutawanya. Masizi huharibu vyote viwili.

Wanaootesha mimea ndani ya nyumba kwa taa hukutana na hesabu hiyohiyo, jani likishika nafasi ya maji.

Siku hizi taa za LED zinazotumia betri zimechukua nafasi ya karabai katika mitumbwi mingi. Taa hizo kwa kawaida hutupa mwanga upande mmoja, basi zikielekezwa chini, kiakisi hakina tena mwanga wa kuuokoa kutoka angani. Hubaki na kazi ya kupunguza au kupanua duara, na maelezo ya kidahizo hiki katika kamusi zetu za shule yafaa yatosheleze taa zote mbili.