Je, Programu ya Kompyuta ni Maandishi?

Sheria ya hakimiliki ilitungwa ili kuwalinda waandishi wa vitabu na kazi nyinginezo zinazosomwa na wanadamu. Kompyuta zilipoanza kuuzwa madukani lilizuka swali lisilo jepesi: je, mfuatano wa tarakimu 0 na 1, usiosomwa na mtu bali na mashine, waweza kuitwa maandishi?

Tuchukue tarakimu hizi: 10101001. Machoni petu hazina maana. Lakini katika kompyuta ya Apple II, iliyotolewa mwaka 1977, hiyo ni amri kamili: itwae namba inayofuata, uiweke mahali pa kufanyia hesabu. Maelfu ya amri za namna hiyo, zikipangwa kwa ustadi, ndiyo programu. Baadhi ya programu za mashine hiyo zilitiwa ndani ya chipu, zisiweze kufutika.

Mwaka 1982 kampuni ya Apple iliishtaki kampuni ya Franklin, nayo pia ya Marekani, kwa kunakili programu zake 14. Franklin haikukana. Ingekanaje, ilhali ndani ya nakala zake lilikutwa jina la mmoja wa watunzi wa Apple? Hoja yake ilikuwa nyingine: kwamba programu iliyomo katika chipu ni sehemu ya mashine, kama tungavyosema gurudumu ni sehemu ya gari, wala gurudumu halina hakimiliki. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mahakama ya kwanza iliingiwa na shaka, ikakataa kuizuia Franklin. Apple nayo ilieleza kwamba kuzitunga programu zile kuligharimu zaidi ya dola 740,000, na kazi ambayo ingemchukua mtu mmoja miezi 46.

Tarehe 30 Agosti 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba programu ni kazi ya uandishi, iwe katika lugha isomwayo na watu au lugha ya mashine, iwe karatasini au ndani ya chipu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hakimiliki hailindi wazo, bali namna wazo lilivyoelezwa. Wanafunzi wawili wakitunga, kila mmoja peke yake, programu ya kupanga alama za mtihani, wote wawili ni watunzi ijapokuwa matokeo ni mamoja. Kampuni ya Phoenix iliitumia tofauti hii kwa werevu mwaka 1984. Kundi moja la wataalamu lilichunguza programu ya IBM na kueleza inafanya nini. Kundi la pili, lisilopata kuiona kamwe, likatunga programu mpya kutokana na maelezo hayo tu.

Leo sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001 zinazitambua programu kuwa kazi zenye hakimiliki. Hivyo shule inayonunua nakala moja imepata ruhusa ya kuitumia kwa masharti yaliyoandikwa, wala haikupata haki ya kuinakili katika kila kompyuta ya maabara, isipokuwa mtunzi mwenyewe ameruhusu. Wapo wanaoruhusu. Leseni ya GNU, iliyotolewa mwaka 1989, inampa yeyote idhini ya kunakili, kubadili na kugawa. Wengine hudhani programu hizo hazina mwenyewe, sivyo. Ni kwa nguvu ya hakimiliki hiyo hiyo kwamba mtunzi humlazimisha anayezigawa awape wengine uhuru ule ule aliopewa yeye.