Provende ndani ya ordinatere ya zamani: kuingiza programu, na kuitengeneza ikigoma



Mama mmoja wa koperative ya upande wa reli kuelekea Bukama alinisimamisha mlangoni na karatasi mkononi. Ni mimi niliyewaachia ordinatere na orodha ya kuchanganya provende ya kuku wa mayai. Akaniambia: « Enjenia, ile mashini yako inakulaka soja kuliko kuku. » Nikacheka kidogo. Kisha nikatazama karatasi, nikaacha kucheka. Mashini ilikuwa imewaambia waweke kilo 46 za soja katika kilo 100 za mchanganyiko, wakati kwa kalamu inatoka karibu 30. Walikuwa wamechanganya vile mara mbili, na soja ni ya kununua.

Kosa halikuwa la mashini, lilikuwa langu, nami nitalieleza chini kwa sababu linaweza kuwapata ninyi pia. Lakini tuanze na kazi yenyewe: programu ya kupanga provende, kwenye ordinatere ya miaka kumi au kumi na tano, ile mnayoishi nayo nyumbani kwa sekretere au kwenye depo.

Provende ni mapishi kama bukari na sombe: una vyakula ulivyo navyo, una bei ya soko, na una mlaji mwenye mahitaji yake. Kuku wa mayai anahitaji proteini ya asilimia 16 hadi 17, nguvu ya kutosha, na chokaa nyingi kwa ganda la yai. Programu inachukua bei na thamani ya kila chakula, halafu inatafuta mchanganyiko wenye bei ndogo unaofikia mahitaji hayo. Hesabu hiyo ukiifanya kwa kalamu na vyakula viwili ni dakika mbili. Na vyakula saba, utalala hapo.

Kabla ya kuingiza kitu chochote, jueni mashini yenu ni ipi. Bonyeza pamoja kibonye cha Windows na kile cha Pause: inatokea ukurasa unaosema ni Windows gani, ina memori kiasi gani, na kama ni ya biti 32 au 64. Andikeni hayo kwenye daftari. Programu ya biti 64 haiingii kamwe kwenye Windows ya biti 32, hata ukiifungua mara ishirini. Windows XP iliachwa na watengenezaji wake tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Haimaanishi kwamba hazitembei. Inamaanisha kwamba msiziunganishe na intaneti bila sababu, na kwamba programu mpya nyingi zinazikataa.

Kwa kazi yetu si lazima kununua kitu. LibreOffice ni ya bure na ndani yake kuna Calc, karatasi ya hesabu inayofanana na Excel. Kwenye Windows XP toleo la mwisho linalokubali ni la 5.4, msipakue la juu zaidi, mtapoteza krediti bure, kwani faili ina megabaiti zaidi ya 200. Wenye Windows 7 wanaweza kutumia toleo la 24.8. Njia nzuri ni kuleta kle kwenye biro yetu na kuondoka nayo imejaa.

Wengine wameniuliza kuhusu WUFFDA, ile ya Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani. Ni nzuri na ni ya bure, lakini inaishi ndani ya Excel na inatumia makro. Kwenye Excel ya zamani makro zinafungwa kwa usalama, basi unafungua faili, unabonyeza, hakuna kinachotokea. Inabidi kuziruhusu wakati Excel inauliza, tena kuamsha Solveur: kwenye Excel 2007 ni bouton Office, Options Excel, Compléments, halafu Atteindre, na kuweka alama kwenye Solveur. Ndani ya LibreOffice makro hizo mara nyingi zinakwama. Njo maana mimi napendelea orodha yetu nyepesi ya Calc, isiyo na makro, yenye Solveur iliyoko tayari kwenye menu ya Outils.

Sasa turudi kwa soja ya mama.

Windows yetu iko kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa nusu inaandikwa 0,5 na koma. Mimi nilikuwa nimeandika proteini ya mahindi 8.5 na nukta, kwa mazoea ya vitabu vya Kiingereza. Mashini haikuona namba pale. Iliona neno, kama vile ningeandika « ndizi ». Na fomula ya SOMMEPROD ikikuta neno inalihesabu sifuri, bila kulalamika, bila rangi nyekundu. Proteini ya soja ilikuwa 37, haina koma wala nukta, ikabaki namba safi. Basi kwa macho ya mashini mahindi hayana proteini hata kidogo, yote inapaswa kutoka kwenye soja: 17 kugawa kwa 37 ni 46 katika mia. Njo vile tu.

Namna ya kuliona kosa hili ni rahisi sana, na ningependa kila sekretere alijue: namba inasimama upande wa kuume wa kisanduku, neno linasimama upande wa kushoto. Tembezeni macho kwenye safu nzima. Ile iliyokimbilia kushoto, ifuteni na kuiandika upya na koma. Kama zimekimbia zote, labda Windows imewekwa kwa Kiingereza, na hapo ni kinyume: nukta ndiyo inayokubaliwa.

Tena kuna jaribio la kalamu ambalo mashini yoyote lazima ilipite. Chukua mahindi 8,5 na soja 37, unatafuta 17. Toa 17 kwenye 37: sehemu 20 za mahindi. Toa 8,5 kwenye 17: sehemu 8,5 za soja. Jumla 28,5. Katika kilo 100 ni kilo 70,2 za mahindi na 29,8 za soja. Wekeni vyakula hivyo viwili tu kwenye orodha, bila chokaa. Kama mashini haitoi namba hizo, msichanganye kitu siku hiyo.

Na chokaa je? Kuku anayetaga anahitaji kilo 9 hivi za chokaa ya mawe iliyosagwa katika kilo 100. Ukiongeza chumvi 0,3 na vitamini, sema kilo 10 ambazo hazina proteini. Kilo 90 zinazobaki lazima zibebe kazi yote: mahindi 57,2 na soja 32,8. Wengi wanachanganya kwanza mahindi na soja vizuri, halafu wanamwagia chokaa juu, na proteini inashuka bila wao kujua. Ila vifaranga msiwape chakula hiki. Wao chokaa ya kiasi hicho inawaharibu figo.

Solveur ina vituko vyake viwili. Cha kwanza, inakupa kilo hasi: « ndagala −12 ». Si mzimu. Kwenye Options za Solveur kuna sharti la kuzuia namba zilizo chini ya sifuri, liwekeeni alama. Cha pili, inasema hakuna jibu. Mara nyingi inasema kweli. Koperative moja iliweka soja isizidi 15 na ndagala zisizidi 5, yote mengine mahindi, na bado wanataka 17. Hesabuni: 15 za soja zinaleta 5,55, ndagala za proteini 55 zinaleta 2,75, mahindi 80 yanaleta 6,8. Inafika 15,1 tu, na chokaa bado haijaingia. Hapo mashini haikugoma. Ilegezeni soja kidogo, au tafuteni mashapo ya karanga.

Matatizo ya ordinatere yenyewe nitayapita haraka. Ikiwaka kila asubuhi na tarehe ya zamani na kukuomba kubonyeza F1, pili ndogo ya ndani imekwisha. Ni ile duara ya CR2032, inapatikana kwa watengenezaji wa saa. Na tarehe ikiwa mbaya, kurasa za intaneti zinakataa kufunguka, watu wanadhani réseau ni mbaya. Ikilia bip-bip bila kuonyesha picha, ondoeni umeme, toeni kipande cha memori, sugueni meno yake na gomu ya shule, rudisheni. Na vumbi: pulizeni ventilatere kila mwezi, hapa kwetu wakati wa kiangazi linaingia hadi ndani ya rohoni.

Virusi vya kle, hivyo kila mtu anavijua. Unafungua kle, folda zako zote zimegeuka kuwa mishale midogo. Msiibonyeze mishale hiyo, na msifute kle yote kwa hasira. Mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Fungueni dirisha jeusi la amri (Windows na R, andika cmd), na kama kle ni E andikeni: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Mafaili yanarudi. Hapo ndipo mnafuta mishale na kupitisha antivirusi. Orodha ya provende iwekeni sehemu mbili, na bei za kila juma ziandikwe pia kwenye daftari. Umeme ukikatika, au grupe ikikosa mafuta, daftari linabaki.

Jambo linalonisumbua kuliko virusi ni meka. Mashini inajua kilo. Sokoni mnanunua kwa meka, na meka ya mahindi, meka ya soja na meka ya pumba hazina uzito mmoja hata kama kopo ni lile lile. Nimekuta orodha ambapo mahindi yana bei ya kilo na soja ina bei ya meka, na Solveur ikachagua kwa uaminifu kabisa kitu ambacho kilikuwa ghali zaidi. Pimeni kwenye mizani meka kumi za kila chakula, gawanyeni kwa kumi, andikeni uzito huo ukutani karibu na mashini.

Na yako mambo ambayo ordinatere haiwezi kunusa. Soja kwake ni proteini 37, mbichi au iliyokaangwa. Soja mbichi inazuia kuku kusaga proteini, basi ikaangwe kwanza. Mashapo ya karanga yenye ukungu yana sumu inayokula maini. Ordinatere itayachagua kwa furaha kwa sababu ni ya bei ndogo. Mihogo michungu ambayo haikulowekwa wala kukauka vizuri, msiiandike kwenye orodha hata kidogo. Ndagala zenye chumvi: punguzeni ile chumvi 0,3, au iondoeni.

Kwa yule mama tulirekebisha ile 8.5 pale pale, mashini ikitumia betri ya moto ya prezida wao. Alitazama namba mpya, akauliza nani atarudisha soja iliyokwisha kuliwa. Sikuwa na jibu. Nilimpa kle yenye orodha iliyosahihishwa. Nakala yake iko kwenye biro ya Kamina, leteni kle tupu, na mlete pia uzito wa meka zenu ili tuuandike ndani kabla hamjaondoka nayo.